Kichwa kina bima, tela je? Nani hubeba gharama lori linapokwama ng'ambo ya Rusumo

Malori yanayoleta bidhaa Kigali kutoka bandari ya Dar es Salaam hubeba karatasi ya bima inayotambuliwa katika zaidi ya nchi kumi za ukanda huu. Wengi huamini kwamba karatasi hiyo inatosha kwa kila balaa la njiani. Uchambuzi huu unaonyesha inapoishia, na kwa nini tela ndilo huleta utata mkubwa kuliko kichwa kinachoivuta safari nzima.

Tuanze na mfano ambao kila dereva wa masafa marefu ataukubali, ingawa haumhusu mtu fulani. Lori lenye tela linashuka mteremko wa Sekenke, kati ya Singida na Igunga, saa nane za usiku. Limebeba saruji ya mfanyabiashara wa Kigali. Breki za tela zimepata moto, beringi ya gurudumu la nyuma imesagika, na moshi unafuka. Dereva anafanikiwa kusimama kando ya barabara. Utingo anakata matawi ya miti na kuyapanga nyuma ya gari ili wanaokuja wajue kuna chombo kimekwama. Kisha simu inapigwa kwa mwenye gari.

Swali la kwanza la mwenye gari huwa ni kama mzigo uko salama. La pili, karibu kila mara, huwa: "Bima si ipo?"

Jibu la kweli ni refu kuliko ndiyo au hapana. Bima ipo, lakini huenda isimhusu aliyekwama. Na kama tela hilo lingegongwa na basi kabla ya alfajiri, lingezuka swali jingine: ni bima ipi ilipe, ya kichwa au ya tela?

Gari moja barabarani, magari mawili kwenye karatasi

Kwa macho ya mpita njia, kichwa na tela ni gari moja. Kwa Kinyarwanda huitwa rukururana, neno moja kwa chombo kizima. Lakini kwa macho ya sheria za usajili katika nchi nyingi za Afrika Mashariki, hivyo ni vyombo viwili. Tela lina kadi yake ya usajili na namba zake. Anayesafiri njia ya Mombasa ataona matela ya Kenya yakiwa na namba zinazoanza kwa herufi Z, tofauti kabisa na namba ya kichwa kinachoyavuta. Tanzania nako tela husajiliwa peke yake na hukatiwa bima yake.

Mpangilio huo una sababu. Matela hubadilishwa vichwa. Tela lililoingia bandarini likivutwa na kichwa kimoja Jumatatu linaweza kutoka likivutwa na kingine Alhamisi. Mmiliki wa tela huenda asiwe mmiliki wa kichwa. Kampuni kubwa hununua vyote viwili, lakini wafanyabiashara wadogo mara nyingi huanza na kimoja na kukodi kingine.

Tatizo huzaliwa pale ambapo mkataba wa bima unahesabu vyombo viwili, ilhali wahusika wanafikiria kimoja. Mwenye kichwa hukata bima kubwa kwa ajili ya kichwa, kwa kuwa ndicho chenye injini na ndicho ghali. Tela hukatiwa bima ndogo, ile ya kumfidia mtu mwingine aliyedhurika, au husahaulika kabisa hadi askari wa usalama barabarani atakapoliuliza. Iwapo gari litapinduka, mwenye gari hugundua kwamba nusu ya mbele italipwa na nusu ya nyuma ni hasara yake.

Mikataba mingi ya bima za biashara huweka mpaka mwingine ambao wachache huusoma: tela hulindwa likiwa limeunganishwa na kichwa kilichotajwa. Likishatenganishwa na kuachwa kwenye maegesho ya Kahama au Benaco, ulinzi huo unaweza kukoma, isipokuwa kama kiliongezwa kipengele maalumu na kulipiwa.

Kadi ya Njano inalipa nini

Karatasi inayotambuliwa kuvuka mipaka ni Kadi ya Njano ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Mpango huo uliasisiwa kwa itifaki ya mwaka 1986 na ulianza kufanya kazi mwaka 1987. Rwanda, Burundi, Uganda, Kenya na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zimo. Tanzania, iliyojitoa COMESA mwaka 2000, ilibaki katika mpango huo wa bima, na ndiyo maana kadi iliyotolewa Kigali inakubalika Dodoma.

Utaratibu wake ni mwepesi kuueleza. Mwenye gari hukata bima ya kawaida nyumbani, kisha kampuni yake humwongezea kadi hiyo kwa ajili ya nchi atakazopita. Kila nchi ina ofisi ya kitaifa inayosimamia mpango. Lori la Rwanda likimgonga mtu Morogoro, ofisi ya Tanzania hulishughulikia dai kwa kufuata sheria za Tanzania, halafu hurejeshewa fedha na ofisi ya Rwanda. Nyuma ya ofisi hizo upo mfuko wa pamoja wa bima mtawanyo unaosimamiwa na ZEP-RE, shirika lenye makao Nairobi. Mkulima aliyegongwa na gari la kigeni halazimiki kulifuata ng'ambo ya mpaka ili apate haki yake.

Hilo ni jambo jema, na limeokoa familia nyingi kutoka katika kesi zisizo na mwisho. Pia limewaokoa madereva wenyewe, maana zamani kumgonga mtu ugenini kungeweza kumaanisha gari kuzuiwa kituoni kwa muda mrefu kwa kukosekana mdhamini.

Lakini tazama ni nani analipwa. Kadi ya Njano hulipa madhara aliyoyapata mtu mwingine: kifo, majeraha, au mali iliyoharibiwa. Aidha, hugharimia matibabu ya dharura ya dereva na abiria wa gari lenye kadi. Inaishia hapo. Haitengenezi kichwa kilichopondeka wala tela lililopinduka. Haimlipi mwenye saruji iliyomwagika, wala haileti gari la kuvuta.

Kiwango cha malipo nacho hufuata nchi ya ajali. Nchini Kenya, kwa mfano, sheria ya bima ya lazima imeweka kikomo cha shilingi milioni 3 kwa dai la mtu mmoja. Hukumu ikizidi kiasi hicho, kinachozidi kinaweza kudaiwa kwa mwenye gari mwenyewe. Aliyedhani kadi yake haina ukomo hujikuta akitafutwa kwa deni ambalo hakulipangia.

Tela huingia hapa pia. Kadi hutaja namba ya usajili ya chombo kilichokatiwa. Kama kilichotajwa ni kichwa peke yake, na kilichomgonga mtu ni tela lililochomoka kwenye pini au lililokuwa limeegeshwa bila taa, kampuni ya bima ina mlango wa kubishana. Huenda ikashindwa katika ubishi huo, lakini anayesubiri matibabu hana nafasi ya kusubiri hukumu. Njia salama ni namba zote mbili, ya kichwa na ya tela, zionekane kwenye karatasi za safari, na kama nchi husika inataka tela liwe na kadi yake, ikatwe kabla ya kuondoka.

Ajali ni jambo moja, kuharibika ni jingine

Turudi Sekenke. Lori letu la mfano halikumgonga mtu yeyote. Beringi imesagika tu. Hapa ndipo penye mkanganyiko mkubwa zaidi, na kwa sehemu ni mkanganyiko wa lugha. Katika mazungumzo ya kila siku tunasema "gari limepata matatizo", nasi humaanisha yote mawili: kugonga na kuharibika. Mkataba wa bima huyatenganisha kabisa.

Bima kubwa, ile inayolinda gari lenyewe, hulipa tukio la ghafla: kugongana, kupinduka, moto, wizi. Karibu mikataba yote ya aina hiyo huondoa waziwazi uchakavu, hitilafu ya mitambo au ya umeme, na matairi yaliyopasuka bila gari lenyewe kupata madhara mengine. Beringi iliyosagika kwa kukosa grisi ni hitilafu ya mitambo. Gharama ya fundi, vipuri vinavyoletwa kutoka Singida mjini au Dodoma, gari la kuvuta, mlinzi wa mzigo na siku zinazopotea ni za mwenye gari.

Hata ikiwa ni ajali halisi, fedha ya kuliondoa gari barabarani huwa na kikomo, na mara nyingi mkataba husema litavutwa hadi kwa fundi wa karibu anayefaa. Hausemi hadi Kigali. Tofauti ya maneno hayo mawili ni zaidi ya kilomita 700 za kuburuta chuma kizito.

Yapo mambo mengine mawili yanayopaswa kuangaliwa kabla ya kuamini kwamba bima kubwa itafanya kazi ng'ambo. La kwanza ni eneo. Mikataba mingi ya bima kubwa hulinda gari ndani ya nchi ilikokatwa tu, na ulinzi wa nje huongezwa kwa kipengele na malipo ya ziada. Kadi ya Njano haiwi mbadala wa kipengele hicho. Lori la Rwanda linaweza kuwa na bima kubwa Kayonza, na likishavuka daraja la Rusumo likabaki na kinga ya mtu mwingine pekee.

La pili ni uzito na hali ya gari. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016, inaweka ukomo wa tani 56 kwa gari na mzigo wake, na ukomo huo hushuka kadiri ekseli zinavyopungua. Lori lililozidisha, lenye breki mbovu za tela, au linaloendeshwa na mtu asiye na daraja la leseni linaloruhusu kuvuta tela, huipa kampuni ya bima sababu ya kukataa dai la mwenye gari. Risiti ya mizani hugeuka kuwa ushahidi, na unaweza kumsaidia au kumwangamiza.

Kichwa cha kuazima

Linalofuata baada ya gari kukwama ndilo hasa lililotufanya tuandike. Safari hii tuseme beringi ya tela ni nzima, na kilichokufa ni injini ya kichwa. Mwenye gari ana rafiki ambaye kichwa chake kinarudi Rusumo bila mzigo. Wanakubaliana kwa simu: rafiki aliunganishe tela, mzigo ufike, hesabu baadaye. Ni ujirani mwema, na umeokoa mizigo mingi iliyokuwa inaelekea kuoza.

Lakini kwa kitendo hicho kimoja, karatasi tatu zimetikisika kwa pamoja.

Ya kwanza ni ya bima. Jozi mpya ya kichwa na tela haimo kwenye mkataba wowote. Bima ya tela huenda inataja kichwa cha awali. Bima ya kichwa cha rafiki huenda inataja tela lake mwenyewe, au haitaji tela kabisa. Ajali ikitokea Nyakanazi, kila kampuni itamnyoshea mwenzake kidole.

Ya pili ni ya forodha. Mzigo unaopita nchi nyingine kabla ya kulipiwa ushuru husafiri chini ya dhamana, na hati zake hutaja gari lililoupakia. Sheria ya forodha ya Jumuiya, ya mwaka 2004, haitaki mzigo wa namna hiyo uhamishwe gari bila idhini ya maofisa. Namba za kichwa zisipolingana na hati, safari inaweza kusimamishwa mpakani, hata kama kufuli la kielektroniki liko salama. Wapo wanaochanganya dhamana hiyo ya forodha na bima. Dhamana inailinda serikali isipoteze ushuru. Haimlindi mwenye mzigo.

Ya tatu ni ya mzigo wenyewe. Bima ya mizigo njiani, kama mwenye saruji aliikata, mara nyingi hutaja msafirishaji na chombo. Mabadiliko yasiyotolewa taarifa hutoa mwanya mwingine wa kukataa.

Hakuna kati ya haya linalokataza kuazima kichwa. Yote yanadai taarifa: simu kwa kampuni ya bima, barua au ujumbe wa maandishi, na idhini ya ofisa wa forodha aliye karibu, kabla tela halijasogea hata mita moja. Ni kazi ya saa chache, na huonekana ndefu usiku wa Sekenke, lakini dai lililokataliwa huchukua miaka.

Wengine walivyolishughulikia

Afrika Mashariki haiko peke yake. Barani Ulaya, ambako mfumo wa Kadi ya Kijani ulitangulia Kadi yetu ya Njano, ubishi wa kichwa na tela umefika hadi mahakama ya juu ya Umoja wa Ulaya. Malori mawili yaliyopata ajali nchini Ujerumani mwaka 2011 yalikuwa na kichwa chenye bima ya kampuni moja na tela lenye bima ya nyingine, nazo zote zilikuwa na shughuli Lithuania. Waliodhurika walilipwa. Kesi ilikuwa kati ya kampuni zenyewe: nani amrudishie nani, na kwa sheria ya nchi gani? Mahakama ilitoa mwongozo wake Januari 2016.

Ujerumani yenyewe ilipitia njia mbili. Mwaka 2010 mahakama yake kuu ya shirikisho iliamua kwamba, kwa kawaida, bima ya kichwa na bima ya tela zigawane hasara nusu kwa nusu. Uamuzi huo uliwaumiza wenye matela, wakiwemo watu wa kawaida wanaovuta tela dogo nyuma ya gari la familia. Mwaka 2020 bunge lilibadili sheria: aliyedhurika anaweza kudai kwa yeyote kati ya hao wawili, lakini baina ya wenye bima mzigo unabebwa na upande wa kichwa, isipokuwa tela lenyewe liliongeza hatari kupita kichwa peke yake, kwa mfano kwa ubovu au kwa ukubwa usio wa kawaida.

Suala la kuharibika nalo halijawaacha. Watalii wa Ulaya wanaosafiri kwa magari yenye vitanda na jiko ndani, huku wakivuta tela la pikipiki au la gari dogo, hulipia huduma ya msaada wa barabarani kwa mwaka. Hata hivyo huonywa wasome masharti ya urefu na uzito, kwa kuwa gari la kuvuta linaweza kuchukua gari lao na kuliacha tela kando ya njia. Wakati mwingine tela lazima liwe limetajwa katika mkataba kabla ya safari. Tofauti yao na dereva wetu ni kwamba huduma hiyo ipo ya kununuliwa, masharti yake yameandikwa katika lugha yao, na akikwama ana namba ya kupiga. Kwetu, namba inayopigwa ni ya mwenye gari, na matawi ya miti ndiyo taa ya onyo.

Kwa nini sasa

Jambo hili lina uzito zaidi leo kwa sababu Rwanda haina njia nyingi za kuchagua. Mpaka wa Gatuna na Uganda ulifungwa Februari 2019 na haukufunguliwa tena hadi mwisho wa Januari 2022. Burundi ilifunga mipaka yake na Rwanda Januari 2024. Kila mlango mmoja unapofungwa, malori husongamana kwenye mwingine, na Rusumo umekuwa mlango wa kutegemewa. Daraja jipya na kituo cha pamoja cha mpaka, vilivyozinduliwa Aprili 2016 na marais Paul Kagame na John Magufuli, vimepunguza foleni. Takriban kilomita 1,500 za njia ya Dar es Salaam hadi Kigali zimebaki palepale, na zaidi ya kilomita 1,200 kati ya hizo ziko ndani ya Tanzania.

Kwenye daraja hilo hilo dereva hubadili upande wa barabara, maana Tanzania huendesha kushoto na Rwanda kulia. Anayetoka kwenye uchovu wa siku tatu, akivuta tela refu, akiangalia vioo vilivyowekwa kwa ajili ya upande mwingine, ndiye tunayemwomba asifanye kosa.

Jumuiya imewekeza katika barabara, vituo vya pamoja na hati za kielektroniki. Haya yameharakisha gari linalotembea. Kwa gari lililosimama hakujafanyika mengi. Hakuna mpango wa pamoja wa kuondoa magari yaliyokwama unaomfuata dereva kutoka nchi moja hadi nyingine kama Kadi ya Njano inavyomfuata. Wala hakuna kanuni moja, rahisi kueleweka, inayosema katika nchi zote washirika tela linahesabiwaje: sehemu ya kichwa au chombo kinachojitegemea. Pengo hilo halionekani kwenye takwimu za biashara. Huonekana kwenye mshahara wa dereva unaokatwa kufidia vipuri, na kwenye nauli ya mzigo anayoilipa hatimaye mnunuzi wa mfuko wa saruji Nyamirambo.

Hatua mbili zinaweza kuchukuliwa bila kusubiri daraja wala reli mpya. Ofisi za kitaifa za Kadi ya Njano zinaweza kukubaliana kwamba jozi ya kichwa na tela itajwe kwa pamoja, na kwamba aliyedhurika alipwe kwanza, kampuni zibishane baadaye. Na kwa kuwa kadi inazidi kuhamia kwenye mfumo wa kielektroniki, kubadili kichwa njiani kungeweza kusajiliwa kwa simu, badala ya kungoja ofisi zifunguliwe.

Maswali ya kuuliza kabla ya safari

Mpaka hilo lifanyike, jukumu linabaki kwa wenye magari, na kwa madereva ambao mara nyingi hukabidhiwa bahasha ya karatasi bila kuelezwa kilichomo. Dereva ana haki ya kuifungua bahasha hiyo na kuuliza.

Aulize kama namba ya tela imo kwenye bima na kwenye Kadi ya Njano, au ni ya kichwa tu. Aulize kadi inataja nchi zipi, na tarehe yake inaisha lini, kwa kuwa kadi haina nguvu bima ya nyumbani ikishakwisha. Aulize kama bima kubwa, iwapo ipo, inavuka mpaka. Aulize nani ameikatia bima mizigo, na kama msafirishaji anaruhusiwa kubadili gari. Aulize apige namba gani gari likikwama, na nani atalipia gari la kuvuta. Tanzania, mamlaka ya bima TIRA ina mfumo unaoruhusu kuhakiki kwa namba ya gari kama bima ni halali, na inafaa kuhakiki vyombo vyote viwili.

Maswali hayo ni vyema yaulizwe kwa lugha ambayo dereva anaielewa. Mikataba mingi inayotolewa Kigali huandikwa kwa Kifaransa au Kiingereza, na wengi wa wanaoiendesha njiani huongea Kiswahili. Neno "mtu wa tatu", linalotumika katika tafsiri nyingi, limewapotosha wasiohesabika, kwani dereva husoma na kudhani yeye ndiye wa kwanza kulipwa. Maana yake ni mtu asiyekuwa mwenye bima wala kampuni yake: yule uliyemgonga. Anayelielewa neno hilo kabla ya kuondoka atajua, akisimama Sekenke usiku, kwamba kadi ya njano iliyo mfukoni haitamletea fundi, na atakuwa amejipanga kwa njia nyingine.